Kwa nini maji ya kisima hugeuka rangi ya kutu

Maji hutoka kwenye pampu yakiwa maangavu. Yakilala mtungini, asubuhi yana rangi ya kutu. Shati la sare ya shule hupata madoa, na chai hugeuka nyeusi kama wino. Familia inayokutana na hali hii huona heri kuacha kisima na kurudi mtoni. Hata hivyo, maji ya mto yanaweza kuonekana safi huku yakibeba viini vya kipindupindu na homa ya matumbo.

Chanzo ni ardhi yenyewe

Udongo wa Kitale na Bungoma ni mwekundu kwa sababu ya chuma. Kwa maelfu ya miaka mvua imelainisha miamba, ikiwemo ya volkano ya Mlima Elgon, ikasomba madini yanayoyeyuka upesi na kuacha chuma. Kilipojikusanya na kugandamana ndipo tunapochimba murram ya barabara. Manganizi, madini yenye rangi nyeusi, mara nyingi hufuatana nacho.

Penye hewa, chuma hicho hakiyeyuki. Chini ya ardhi, hasa karibu na vinamasi, mimea inayooza humaliza oksijeni, na hapo chuma na manganizi huyeyuka majini bila kuonekana. Maji yakipandishwa juu, chuma hukutana na oksijeni na kuwa chembe za kutu. Manganizi hubadilika polepole zaidi na kuacha masizi meusi.

Je, yana madhara?

Kiwango cha maji ya kunywa kinachotumika Kenya ni miligramu 0.3 za chuma na 0.1 za manganizi kwa lita. Kiwango cha chuma kimewekwa hasa kwa sababu ya ladha na madoa. Manganizi ni tofauti: ikizidi kwa muda mrefu inaweza kudhuru ubongo wa watoto, hasa wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga. Macho hayawezi kuipima; ni lazima maji yafikishwe maabara.

La kufanya

• Pampu maji kwa muda mrefu. Wekundu ukipungua, huenda kutu inatoka kwenye mabomba ya kisima.
• Mimina maji kutoka ndoo moja hadi nyingine mara kadhaa, yaache yatulie, kisha yachuje kwa mchanga safi. Chuma hupungua, manganizi huhitaji mtambo maalum.
• Tia dawa ya klorini baada ya kuchuja. Ukiitia mapema, chuma huimaliza nguvu kabla haijaua viini.
• Kuchemsha huua viini, lakini hakuondoi chuma wala manganizi.
• Usiondoe madoa ya kutu kwa klorini ya kufulia, kwani huyakaza. Tumia maji ya limau.

Kabla ya kukiacha kisima, kamati yake imwone afisa wa afya ya umma au ofisi ya maji ya kaunti ili maji yapimwe.