Utangulizi: Fundi, Mteja na Bomba la Maji

Kurasa zinazofuata zinahusu oda. Mwaka 1953, kwenye matuta ya Gichugu chini ya Mlima Kenya, mtu aliyetaka bunduki hakuwa na duka la kuingia. Mlowezi alining'iniza bastola kiunoni hata akienda kununua unga. Mwafrika akikutwa na risasi moja mfukoni alikuwa na kesi ya kujibu. Kwa hiyo mwenye haja alimwendea fundi. Wakazungumza kazi itakayofanywa, vifaa vitakavyotumika, nani atavileta, siku ngapi, malipo gani. Mazungumzo ya namna hiyo, ya sauti ya chini, kuanzia Kianyaga hadi Karatina na Nyeri, ndiyo yaliyozaa silaha ambazo wapiganaji wa Mau Mau, vuguvugu lililopinga ukoloni wa Waingereza, waliziita banda. Karibu basi, msomaji, tuyasikilize.

Waliotutangulia wengi walizitazama banda kwa jicho la askari. Waliuliza risasi inafika wapi na inapiga vipi, na jibu halikuwa la kusifu. Taarifa za jeshi la Waingereza zilihesabu silaha zilizotekwa kwa mafungu mawili, za kiwandani na za kienyeji, na fungu la pili lilitajwa kama takataka za kuchekesha. Sidhani kama jicho hilo litatufikisha mbali. Ukitaka kuielewa banda, isome kama ankara. Kila kipande kilichomo kiliwahi kuwa kitu kingine, kiliwahi kuwa mahali pengine, na yuko mtu aliyekitoa huko kwa gharama fulani. Ukizijumlisha gharama hizo unaipata jamii nzima: fundi, kibarua wa shamba la mlowezi, mama mwenye kiondo, mwanajeshi mstaafu, karani wa kamati ya siri.

Tuanze na fundi. Ukoo wa wahunzi wa Wakikuyu na majirani zao Wandia na Wagichugu ulikuwa mkongwe kabla mzungu hajafika. Chuma kilitokana na mchanga mweusi uliookotwa mitoni na kuyeyushwa kwa makaa na mivuo ya ngozi. Huko Gatung'ang'a, karibu na Karatina, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta masalia ya watu wa Enzi ya Chuma. Mhunzi, yaani muturi, alitengeneza simi, mikuki, mashoka na mapambo, na bei ilihesabiwa kwa mbuzi na kondoo. Ufundi ulirithishwa ndani ya familia, na aliyetoka nje alijifunza kwa kulipa. Tena mhunzi aliogopwa. Laana yake ilisemekana kushinda laana za watu wengine, kwa hiyo hata mwenye mali alifikiri mara mbili kabla ya kumdhulumu ujira. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye suala la malipo.

Halafu chuma cha Ulaya kikaingia. Waya, majembe na vyuma chakavu vilivyoletwa na reli na maduka ya Wahindi vilikuwa rahisi kuliko kuyeyusha mchanga, na katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 matanuru yakazimika. Wanahistoria wengine huandika habari hii kama msiba wa ufundi wa Kiafrika. Mimi naona nusu tu ya msiba. Kuyeyusha kulikufa, lakini kufua kuliendelea, na mhunzi akapata elimu mpya: kutazama kipande cha gari bovu na kuona ndani yake kitu ambacho hakijakuwapo. Mafundi wa jua kali wanaofua majiko na milango pembeni mwa masoko ya Kirinyaga leo wanaifanya kazi hiyo hiyo mchana kweupe. Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau tarehe 20 Oktoba 1952, elimu ya skrepa ilikuwa na umri wa kizazi kizima.

Vifaa vya banda vinajulikana, na picha zake zimechapishwa mara nyingi. Mtutu ulikuwa bomba la maji. Kitako kilichongwa kwa mti wa msituni. Sehemu ya kugonga risasi ilitokana na komeo la mlango, na nguvu ya kuisukuma ikatoka kwenye vipande vya mpira wa tyubu ya gari. Sitaingia katika vipimo, wala elimu hii ya kuisoma banda kama ankara haivihitaji. Inachohitaji ni kuuliza bomba lilitoka wapi. Mabomba ya maji mwaka 1953 hayakuwa katika kila boma. Yalikuwa kwenye mashamba ya walowezi, misheni, shule, na vituo vya serikali. Komeo nalo lilitoka kwenye mlango wa mtu mwenye kitu cha kufungia. Mpira ulitoka kwenye gari au baiskeli. Mteja aliyefika kwa fundi na vitu hivyo alikuwa tayari amelipa sehemu kubwa ya bei, na pengine aliyelipa ni ndugu yake aliyekuwa kibarua, ambaye hakuwahi kuiona bunduki yenyewe.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wapya hulikosa. Wao hudhani bunduki inaundwa kwanza, kisha inatafutiwa risasi. Msituni ilikuwa kinyume. Mteja alianza na risasi aliyoipata, na mara nyingi ilikuwa ya .303, kwa sababu ndiyo iliyotumiwa na bunduki za jeshi na polisi. Risasi ikaamua bomba, bomba likaamua kitako. Upungufu wa risasi ukaamua pia mwendo wa silaha: banda ilipiga mara moja, kisha mpigaji akahangaika kutoa ganda kabla ya kutia nyingine. Bomba la maji halikutengenezwa kwa ajili ya nguvu ya baruti, hivyo mara nyingine lilipasuka na kumjeruhi aliyelishika. Fundi alijua. Mteja pia alijua. Hatari hiyo ilikuwa ndani ya mapatano, ingawa hakuna aliyeiandika.

Basi kwa nini fundi wa Gichugu hakutengeneza bastola ya silinda, silaha ambayo kila kamanda aliitamani? Hapa elimu yetu inakutana na ufundi wa ulimwengu mzima. Katika bastola ya aina hiyo silinda huzunguka, na kila chemba lazima isimame sawasawa nyuma ya mtutu kabla nyundo haijapiga. Ikikosea kwa unene wa karatasi, risasi inakwaruza ukingo na vipande vya risasi vinarukia pembeni. Kazi hiyo inadai mashine ya kukereza, chuma kilichopimwa na vipimo ambavyo tupa na nyundo haviwezi kuvifikia. Hata Marekani, ambako bastola za kuagiza ni biashara halali na ya heshima, mafundi hawaanzi na chuma kitupu. Hamilton Bowen wa Tennessee, aliyechapisha kitabu kizima juu ya kazi hiyo mwaka 2001, na wenzake wa fani hiyo kwa kawaida hupokea bastola ya kiwandani kutoka kwa mteja, mara nyingi ya kampuni ya Ruger, kisha huibadilisha silinda, mtutu, kifyatulio na mshiko. Mteja wao huulizwa kwanza risasi gani anataka, pili silaha ni ya kazi gani, ndipo bei itajwe. Bei hiyo kwa sehemu kubwa ni saa za fundi, na foleni huwa ndefu. Mpangilio wa maswali ni ule ule wa msituni. Mhunzi wa Gichugu alikosa mashine na silaha ya kuanzia.

Kwa sababu hiyo bastola ya silinda msituni haikutengenezwa. Iliibwa, ilinunuliwa kwa siri, au ilinyang'anywa, na aliyekuwa nayo alijulikana kuwa mkubwa. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alipokamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, hati ya mashtaka ilitaja bastola ya Webley Scott ya .38 na risasi sita. Kesi ilisikilizwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor mwezi uliofuata, na Kimathi akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sanamu yake iliyosimamishwa Nairobi miaka 50 baadaye imempa bunduki ndefu mkononi. Mchongaji ana uhuru wake, lakini mwanafunzi wa elimu hii asome jalada la kesi kwanza.

Tumefika kwenye bei. Vifaa vilikuwa vya kuokota au kuiba. Kazi ya fundi ilikuwa ya siku chache. Fedha za kununulia risasi zilitoka kwenye ada za viapo na michango iliyokusanywa na kamati vijijini. Ukikomea hapo utasema banda ilikuwa rahisi. Lakini kanuni za Hali ya Hatari zilikuwa zimefanya kumiliki silaha au risasi bila kibali kuwa kosa la kunyongwa. Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyekuwa ameongoza wapiganaji wa Mlima Kenya baada ya kutumikia jeshi la Waingereza huko Burma, alikamatwa Januari 1954. Alishtakiwa kwa kushirikiana na watu wenye silaha na kwa kukutwa na risasi mbili, akahukumiwa kifo. Alinusurika kwa sababu serikali ilimhitaji kwa mazungumzo. Wengine hawakuwa na cha kubadilishana. Mwanahistoria David Anderson, katika kitabu chake cha mwaka 2005, amehesabu Waafrika 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau, na wengi miongoni mwao hawakuwa wameshtakiwa kwa mauaji. Hiyo ndiyo safu ya mwisho ya ankara, na iliwahusu mteja, fundi, na mama aliyepitisha risasi mbili chini ya viazi kiondoni. Ndiyo maana laana ya mhunzi haikuhitajika tena kulinda ujira. Fundi aliyedhulumiwa angeweza kesho yake kuwa shahidi dhidi ya aliyemdhulumu, na wote wawili walijua kitanzi kina nafasi ya zaidi ya shingo moja.

Mwisho wa biashara haukutokana na upungufu wa mafundi. Operesheni Anvil, msako mkubwa wa jeshi ulioanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, ilikata njia ya risasi, dawa na fedha kutoka mjini. Kuanzia katikati ya mwaka huo watu wa mashambani wakahamishiwa vijiji vyenye ulinzi, na pembeni mwa msitu wa Mlima Kenya wakalazimishwa kuchimba handaki refu lililotiwa miiba ya mianzi. Mhunzi aliyebaki kijijini alizungukwa na macho ya walinzi wa kijiji waliotumikia serikali (Home Guard). Aliyekuwa msituni alibaki na nyundo bila bomba.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wasemavyo wahenga, na mtu angedhani oda hizi zimepotea kabisa. Sivyo. Kimathi alisisitiza kumbukumbu ziandikwe, na Karari Njama, mwalimu aliyekuwa katibu wake msituni, alieleza maisha ya kambi katika kitabu alichoandika na Donald Barnett mwaka 1966. Itote naye alichapisha simulizi yake mwaka 1967. Anza na hao wawili, kisha nenda Nyaraka za Taifa Nairobi, halafu jumba la makumbusho la Nyeri, lililomo katika mahakama ya zamani ya wenyeji pale Ruring'u. Banda kadhaa ziko London katika makumbusho ya vita ya Uingereza, na unaweza kuomba kuzitazama.

Kwa upande wa wazee utakaowahoji, kumbuka kwamba Mau Mau ilikuwa chama haramu kisheria tangu 1950 hadi marufuku ilipoondolewa mwaka 2003. Mtu aliyefunga mdomo miaka 50 hafunguki kwa kikombe kimoja cha chai. Usimwulize aliua nani. Mwulize bomba lilitoka shamba gani, na nani alilibeba. Ukionyeshwa kipande cha zamani kilichofichwa darini, usikinunue wala usikibebe kwenye matatu: Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haitofautishi kumbukumbu na silaha kwa urahisi unaoudhania. Piga picha ukiruhusiwa, andika maelezo ya mwenyewe kwa maneno yake, na umshauri azungumze na watu wa makumbusho pamoja na polisi kabla wajukuu hawajaanza kukichezea.