Maharagwe ya Wiki: Jinsi ya Kupika Mara Moja bila Kulala na Jiko Ndani

Saa kumi na moja alfajiri, taa huwa zimewaka katika nyumba nyingi za Kayole, Umoja na Dandora. Chai inachemka, watoto wanavaa sare, na wazazi wanawahi matatu kabla ya msongamano wa Barabara ya Jogoo. Wengi hawarudi hadi saa mbili usiku, na wakifika, swali ni lile lile: kitapikwa nini, na kitaiva saa ngapi?

Kwa watoto wanaokula shuleni kupitia mpango wa Dishi na County, ulioanza mwaka wa 2023, mzazi huchangia shilingi 5 kwa mlo wa mchana. Mlo wa jioni unabaki kuwa kazi ya nyumbani. Maharagwe na githeri hushibisha na huwapa watoto protini kwa bei nafuu kuliko nyama, lakini yanaweza kukaa motoni saa mbili au zaidi. Ndiyo sababu baadhi ya familia huingiza jiko la makaa ndani, huacha sufuria ikitokota, kisha hulala.

Jiko lisilale ndani

Makaa yanapowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Hewa hii haina harufu wala rangi, na aliyelala hawezi kuitambua. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Makaa yaliyobaki mekundu bila moshi bado yanaitoa, kwa hivyo kuwashia jiko nje na kuliingiza likiwa "limekolea" si kinga. Hatari huongezeka miezi ya Juni na Julai, baridi inapofanya watu wazibe madirisha.

Mtu akionyesha dalili hizo, atolewe nje mara moja apate hewa safi, kisha apelekwe hospitalini. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Kwa nini yanachelewa kuiva

Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Maji hapa huchemka yakiwa na joto la karibu nyuzi 94, wala si 100 kama Mombasa, na hivyo maharagwe huchukua muda mrefu zaidi. Kuchochea moto baada ya maji kuchemka hakuyaongezei joto. Huchoma tu makaa au gesi na kukausha sufuria. Maharagwe yaliyokaa muda mrefu ghalani pia huwa magumu, kwa hivyo ni vyema kumuuliza muuzaji kuhusu mavuno mapya kabla ya kujaziwa gorogoro.

Njia ya kupunguza muda

Kwanza, maharagwe yachambuliwe, yaoshwe na kulowekwa usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi maji hayo yamwagwe. Yanaweza kutumika kusafishia choo.

Pili, yachemshwe kwa moto mkali kwa angalau dakika 10 maji yakitokota sawasawa. Hatua hii isirukwe. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuhara, na moto mdogo pekee hauiondoi.

Tatu, baada ya kuchemka kwa nusu saa hivi, sufuria ifunikwe na kuwekwa ndani ya kikapu kilichojazwa blanketi kuukuu au nguo nzito pande zote, chini na juu. Joto lililomo huendelea kuivisha bila moto. Familia inaweza kuandaa kikapu Jumapili asubuhi, kwenda kanisani au sokoni, na kurudi baada ya saa tatu au nne. Sufuria iwe imejaa vya kutosha ili isipoe haraka, na maharagwe yachemshwe tena kabla ya kuliwa. Yasiachwe kikapuni usiku kucha, kwa kuwa chakula kilicho vuguvugu ni makao mazuri ya viini. Aliye na sufuria ya presha hahitaji kikapu.

Nyanya ziongezwe maharagwe yakishalainika, maana uchachu wake huyafanya yakae magumu. Magadi hulainisha lakini hupunguza vitamini B1. Tembe za kutuliza maumivu zisitiwe kamwe kwenye chakula. Zikizidi mwilini huharibu ini.

Mahindi ya githeri nayo yachambuliwe. Yenye ukungu au rangi isiyo ya kawaida yatupwe, kwa sababu sumu ya aflatoksini haiishi kwa kuchemshwa. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini, wengi wao kutoka maeneo ya Makueni na Kitui.

Kuhifadhi

Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Kwa nyumba yenye friji, maharagwe yagawanywe katika vyombo vidogo ili yapoe upesi, kisha yahifadhiwe kwa siku tatu hadi nne. Kila jioni kitolewe chombo kimoja na kukaangwa kwa kitunguu na nyanya: Jumatatu kwa chapati, Jumanne kwa wali, Jumatano kwa mahindi yaliyochemshwa. Kipashwe moto mpaka kitokote, na mara moja tu. Tokeni za umeme zikiisha, mlango wa friji usifunguliwe ovyo. Baridi hudumu kama saa nne.

Nyumba isiyo na friji ipike kiasi kinachomalizika siku hiyo. Kazi inayoweza kufanywa mapema ni kuchambua na kuloweka. Wali na maharagwe ya jana yaliyolala juu ya meza yasipewe mtoto anaporudi kutoka shuleni, hata kama hayanuki. Baadhi ya sumu zinazoachwa na viini haziondolewi kwa kupasha moto.

Mtoto akianza kuhara, apewe ORS na zinki, aendelee kunyonya au kula, na apelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Akiwa na damu kwenye choo, macho yaliyodidimia au akishindwa kunywa, asisubirishwe hadi asubuhi. Wahudumu wa afya ya jamii mtaani wanaweza kuelekeza familia mahali pa kupata huduma.