Tuwafundishe Watoto Wadogo Kujikinga na Zilizala



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wanafunzi, tunapenda kuzungumza nanyi mnaosaidia kusomesha watoto wa chekechea, juu ya zilizala, yaani tetemeko la ardhi.

Je, linatuhusu?

Wapo wanaodhani kuwa zilizala ni jambo la nchi za mbali. Sivyo. Bonde la Ufa linapita katika nchi yetu, na huko ardhi inaachana kidogo kidogo, milimita chache kwa mwaka. Miamba hujikaza kwa miaka mingi, kisha huteleza ghafla na ardhi ikatikisika. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu zaidi ya 15 walifariki, mamia walijeruhiwa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hata zikafungwa. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la baharini lilisikika Dar es Salaam na Zanzibar. Kwa hiyo hata sisi wa pwani tumo.

Mtoto mdogo hafundishwi kwa hotuba

Mtoto wa miaka minne au mitano akishtuka hukimbia ovyo, hulia au huganda pale alipo. Maelezo marefu hayamsaidii wakati huo. Kitakachomsaidia ni kile ambacho mwili wake umezoea kukifanya. Basi tumieni maneno matatu tu, na yawe yale yale siku zote: "Chini! Kichwa! Tulia!"

Chini: mtoto apige magoti na kujikunja. Hapa watoto wetu wana wepesi, kwani wamekwisha kujua kusujudu. Waambieni wazi kwamba hii si sala, haina udhu wala kibla. Bali umbo linakaribiana.

Kichwa: viganja vifunike kisogo na shingo. Penye meza imara waingie chini yake na kushika mguu wake. Sisi tunaosomea juu ya mikeka tusogee mbali na madirisha, kabati na rafu za misahafu.

Tulia: wabaki hivyo mpaka mtikisiko ukome. Mara nyingi hauzidi dakika moja.

Msiwaruhusu kukimbilia mlangoni wote kwa pamoja. Watoto thelathini hawapiti mlango mmoja bila kukanyagana. Lakini aliye katika nyumba ya udongo au matofali mabichi, karibu kabisa na mlango unaotoka uwanjani, ni bora atoke upesi, kwa kuwa kuta hizo huanguka kwa urahisi.

Baada ya kutulia

Watoke kwa mstari, wameshikana mikono, hadi mahali pa wazi mbali na kuta, mnara, nyaya za umeme na minazi. Waiteni kwa daftari la mahudhurio, jina kwa jina. Wasirudi ndani, hata kuchukua juzuu, maana mitikisiko mingine huweza kufuata na kuangusha ukuta uliokwisha kupasuka.

Tazameni pia viatu vyetu. Ndara zikirundikwa kizingitini, mtoto wa kwanza atajikwaa na wenzake watamwangukia. Vipangwe pembeni kila siku.

Wasitishwe

Watoto wetu huhifadhi mapema Suratul-Zalzala, sura ya 99, yenye aya 8. Siku ardhi ikitikisika huenda mtoto akauliza, "Ustadhi, Kiama kimefika?" Msimcheke, wala msimjibu kwa kumtisha. Mwambieni kuwa Siku ya Kiama anaijua Mwenyezi Mungu peke yake; ardhi hutikisika mara nyingi, kisha hutulia, nasi tunamwomba Mungu huku tukilinda vichwa vyetu. Wala asiambiwe kamwe kuwa ardhi imetikisika kwa sababu ya utundu wake. Mtoto aliyebebeshwa mzigo huo huogopa hata kulala.

Fanyeni zoezi kila mwezi, dakika kumi zatosha. Liwe kama mchezo wa kobe anayejificha gambani. Nanyi mfanye pamoja nao, kwa sababu mtoto huangalia uso wa mkubwa: mkipiga mayowe, naye atapiga, mkiinama kwa utulivu, naye atainama. Mwisho waagizeni wakawaonyeshe wazazi nyumbani, ili kitanda cha mtoto kiondolewe chini ya dirisha au kando ya kabati zito.

Hakuna kinyume cha imani katika haya. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza yule mtu amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Watoto hawa ni amana. Wazazi wao wametukabidhi wakiwa wazima, nasi tunawajibika kuwarudisha wakiwa wazima.

Wabillahi tawfiq.