Mvua ya Heli, Bahari ya Metali

Sayari ya Mshtarii haina ardhi ya kukanyaga. Tarehe 7 Desemba 1995, kichunguzi kilichoachiliwa na chombo cha Galileo cha Marekani kilitumbukia katika mawingu yake, kikatuma vipimo kwa karibu saa nzima, kisha kikazimika. Kilikuwa kimeshuka kilomita 150 hivi tu. Hadi kitovuni zilibaki kama 70,000.

Sehemu kubwa ya masafa hayo imejaa haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote. Juu, atomi zake hukaa mbilimbili, kila jozi imeshikilia elektroni zake. Kadiri mtu anavyozama, uzito wa tabaka za juu huzibana jozi hizo hadi zinaachana. Mgandamizo ukizidi mara milioni moja ule wa hewa ya pwani, elektroni hazina tena atomi ya kuzimiliki, huzurura kokote. Kitu chenye elektroni huru namna hiyo hupitisha umeme, na wanafizikia hukihesabu kuwa metali. Kwa hiyo sehemu kubwa ya Mshtarii ni metali, tena ya majimaji, ingawa si chuma wala shaba.

Wanafizikia Eugene Wigner na Hillard Huntington walitabiri mwaka 1935, kwa hesabu tupu, kwamba haidrojeni ikibanwa vya kutosha hugeuka metali. Mwaka 1996, watafiti wa maabara ya Livermore, California, walifyatua kisahani kwa bunduki kubwa ya gesi, kikaigonga haidrojeni iliyopoozwa hadi kuwa kimiminika. Kwenye mgandamizo wa mara milioni 1.4 ya hewa yetu, ikapitisha umeme kama metali. Hali hiyo haikudumu hata sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Metali hii, ikikorogwa na joto na kuzunguka ndani ya sayari ambayo siku yake haifiki saa 10, ndiyo chanzo cha sumaku kali kuliko ya sayari zote za Jua letu.

Lakini ushahidi wa metali hiyo unaosisimua zaidi ni wa kitu kilichokosekana. Kichunguzi cha Galileo kilikuta gesi ya neoni kidogo mno, kama sehemu moja ya kumi ya ile iliyotarajiwa. Maelezo yenye nguvu ni kwamba gesi ya heli haipatani na haidrojeni inayogeuka metali: hujitenga, ikanyesha kuelekea kitovuni, na neoni iliyoyeyuka katika matone yake ikashuka nayo. Mvua kama hiyo hutoa joto inapoanguka, na wanasayansi wengi wanaona ndiyo sababu mojawapo ya sayari jirani, Zohali, kutoa joto jingi kuliko inalopokea kutoka kwa Jua.