Lishe ya Vinasaba: Kipimo Sahihi, Ushauri wa Kukisia

Lishe inayopangwa kwa kufuata vinasaba, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, ina msingi imara katika maradhi machache. Mtoto aliyezaliwa na fenilketonuria, ugonjwa wa hitilafu ya jeni moja unaoufanya mwili ushindwe kuchakata fenilalanini iliyomo katika protini, huepushwa na ulemavu wa akili akianzishiwa mapema mlo maalumu. Biashara ya kupima mate ili kumpangia mtu mzima chakula cha kupunguza uzito hujipatia heshima kwa mafanikio hayo, ingawa unene huchangiwa na jeni nyingi pamoja na mazingira. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha watu 609 kwa miezi 12, haukuona kwamba jeni zilizochunguzwa zilibashiri nani angefaidika na mlo wa mafuta kidogo na nani wa wanga kidogo.

Hata pale jeni moja inapotawala, mtego haukosekani. Uwezo wa mtu mzima kumeng'enya laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa, hutegemea mabadiliko madogo karibu na jeni ya laktasi, kimeng'enya kinachoivunja sukari hiyo, na badiliko lililoenea Ulaya silo lililoenea kwa wafugaji wa Kenya na Tanzania, kama timu ya mtaalamu wa vinasaba Sarah Tishkoff ilivyoonyesha mwaka 2007. Hivyo maabara inayotafuta lile la Ulaya pekee yaweza kumwambia Mmasai aliyekulia maziwa kwamba maziwa hayamfai. Maabara haikukosea kusoma. Kilichokosewa ni hitimisho.

Hapo ndipo udhibiti unapopwaya, kwa kuwa usahihi wa kipimo hukaguliwa kwa urahisi kuliko ushauri unaouzwa pamoja nacho. Mwaka 2006 wachunguzi wa Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali ya Marekani walituma kwa tovuti nne sampuli za wateja 14 wa kubuni, zote zikiwa za watu wawili tu, mmoja wao mtoto mchanga, na tovuti moja ikapendekeza virutubisho vya takriban dola 1,200 kwa mwaka, ilhali vya aina hiyo vilipatikana madukani kwa takriban dola 35 kwa mwaka.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti, jambo jema, lakini siri iliyotunzwa haiponyi ushauri mbovu. Wadhibiti wa Afrika Mashariki wadai ushahidi wa ushauri wenyewe, uliopatikana kwa watu wa jamii itakayouziwa, kabla bidhaa haijaingia sokoni.