"Moto Umezuka": Chanzo na Mazingira ya Moto wa Nyika Mlimani Kilimanjaro

Taarifa za habari za Kiswahili aghalabu husema kwamba moto "umezuka". Kitenzi hiki hakimtaji mtendaji. Aidha, huficha tofauti kati ya chanzo cha moto na mazingira yanayoueneza. Moto wa Oktoba 2020 mlimani Kilimanjaro unaidhihirisha tofauti hiyo. Maelezo ya awali ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania yalitaja moto wa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Hata hivyo, moto wa chakula peke yake hauteketezi mlima. Kabla ya mvua za vuli, nyasi na vichaka vya jamii ya Erica huwa vikavu na hushika moto upesi. Upepo huusukuma moto, nao mteremko huupandisha, kwani joto lake hukausha mimea iliyo juu yake. Kadiri hali ya hewa inavyozidi kuwa joto na kavu, ndivyo cheche ileile inavyodhuru zaidi. Msitu ukiungua, hupotea pia maji ya ukungu ambayo miti huyanasa na kuyapeleka mitoni. Kwa hiyo, makala haya yanapendekeza kwamba taarifa zitenganishe "kuwashwa" na "kuenea", ili kinga imlenge mtu na majira pia.