Kutoa Shauri na Kukata Shauri: Kamati za Mitaa na Viwanja vya Wazi vya Kigamboni

Kigamboni ni ng'ambo ya mlango wa bandari ya Dar es Salaam, upande wa kusini. Kwa miaka mingi njia fupi ya kufika huko ilikuwa ni pantoni peke yake, nao mlango ule wa bahari ukawa kama ukuta uliozuia mji usienee upesi. Ukuta huo ulitobolewa mwezi wa Aprili 2016, lilipofunguliwa Daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680. Tangu hapo kila kipande cha ardhi kisicho na nyumba hutazamwa kwa jicho la mnunuzi. Yafaa basi kuuliza: ni nani avilindaye viwanja vya watu wote na njia za kuendea pwani, na kwa madaraka gani?

Manispaa ya Kigamboni, iliyomegwa kutoka Temeke kati ya 2015 na 2016, imegawanyika katika kata, na kata katika mitaa. Kila mtaa una mwenyekiti na kamati waliochaguliwa na wakazi. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, kazi ya kamati hiyo ni kutekeleza siasa ya halmashauri ya mji na kuishauri juu ya mipango ya maendeleo. Neno lenye uzito hapa ni hilo la kushauri. Kiswahili chatofautisha vizuri kati ya kutoa shauri na kukata shauri: atoaye husema, akataye humaliza. Kamati ya mtaa hutoa. Halmashauri, na juu yake wakuu wa ardhi wa Serikali, ndio wakatao. Mwananchi ampelekeaye mwenyekiti malalamiko kwamba uwanja wa watoto umezungushiwa ua, mara nyingi hudhani kwamba amefika kwa mkata shauri, kumbe amefika kwa mtoa shauri. Hasira nyingi zinazomwangukia mwenyekiti zatoka katika kosa hilo dogo la maana.

Hali haikuwa hivyo kila mahali tangu mwanzo. Gezaulole, katika Kata ya Somangila, ilikuwa kijiji cha Ujamaa katika miaka ya 1970. (Jina hilo la Kizaramo hufasiriwa "jaribu uone", nalo limefunika jina la kale la Mbwamaji, mji ambao magofu na makaburi yake yako karibu na bahari.) Leo Gezaulole ni mtaa. Tofauti ya kijiji na mtaa si ya jina tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, kwa idhini ya mkutano mkuu, na yatambua wazi sehemu iliyo ya jumuiya. Mtaa hauna madaraka hayo. Kwa hiyo mahali palipokuwa kijiji panapoingia katika mji, wakazi wale wale, wenye mwembe ule ule wa mikutano, huwa washauri juu ya ardhi ambayo jana waliisimamia.

Pamoja na udhaifu huo wa sheria, kuna udhaifu wa msamiati. Katika maandishi ya mipango miji, "eneo la wazi" au "kiwanja cha wazi" ni mahali palipotengwa makusudi pasijengwe. Lakini katika masikio ya watu, kitu kilicho wazi ni kitu kisicho na kizuizi, na pengine kisicho na mwenyewe. Zaidi ya hayo, kiwanja, ambacho zamani kilikuwa mahali peupe pa kuchezea au kukutania, katika biashara ya ardhi kimekuwa ni kipande cha kujengea nyumba. Mtu asomaye "kiwanja cha wazi" aweza kuelewa, bila ya hila yoyote, kwamba kuna kiwanja na hakijapata mtu! Haikosi kushangaza kwamba jina lililotungwa ili kulinda ndilo linaloalika.

Nguvu ya kamati, basi, ni ujuzi. Ramani huonyesha barabara. Haionyeshi ujia upitao nyuma ya msikiti, ambao wachukuzi wa samaki wameupita tangu zama za babu zao. Katika kazi ya urasimishaji wa makazi, wakazi na kamati zao ndio wakubalianao ni nani atakayetoa hatua ngapi za ardhi yake ili njia ipite, na mpimaji asipowasikiliza, mawe yake ya mpaka huzaa ugomvi. Pwani mambo ni magumu zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kudumu, au ziwezazo kudhuru mazingira, katika mita 60 kutoka ukingo wa bahari, lakini ukanda ulio wazi hauwafai wavuvi ikiwa njia ya kuufikia imefungwa kwa ukuta. Kwa diko, Sheria ya Uvuvi ya 2003 imeruhusu vikundi vya usimamizi vya wenyeji, vifanyavyo mapatano na mkuu wa idara ya uvuvi. Maandishi ya Serikali hupenda kuliita diko "mwalo", neno la watu wa Ziwa Viktoria, huku wavuvi wa pwani wakiwa na neno lao.

Shauri lililotolewa kwa mdomo halifiki mbali. Linalofika ni muhtasari wa mkutano, uliotiwa sahihi na kupelekwa kwenye kata na manispaa. Hata huo hutegemea maneno yake. Muhtasari usemao tu "eneo la wazi lilindwe" haumzuii mtu. Usemao "uwanja wa mpira wa watoto, toka mwembe hadi mtaro, pamoja na njia ya miguu iendayo dikoni" wamlazimu afisa wa ardhi kuuliza mwembe uko wapi.